KUKU WAKO AKIUGUA, KWANZA MTENGE



Asubuhi umefungua banda. Kuku wote wametoka mbio kwenda kuchakura jalalani. Mmoja amebaki. Amejikunyata pembeni, manyoya yamemsimama, macho ameyafumba nusu. Unamrushia mtama, hana habari nao.

Huyo ni mgonjwa, na huenda hata jana alikuwa mgonjwa. Kuku huficha ugonjwa, maana kuku mnyonge hudonolewa na wenzake. Ukimwona amejikunyata, jua ugonjwa haukuanza leo.

Hapo wengi wetu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama tunamwacha, tunasema atapona mwenyewe, ama tunatafuta kisu. Leo tujifunze jambo la tatu, nalo halina gharama: mtenge.

Chukua tenga au boksi kuukuu. Tandika majani makavu au maranda. Liweke mahali pakavu, penye kivuli, pasipo upepo mkali, mbali na banda la wenzake. Mpe chombo chake cha maji na chombo chake cha chakula. Kila siku hudumia kwanza kuku wazima, mgonjwa awe wa mwisho. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni, na viatu uvioshe pia. Ukianza na mgonjwa kisha ukaenda kwa wazima, wewe mwenyewe ndiwe unayepeleka ugonjwa.

Jambo hili tunalisema kwa uchungu kidogo. Katika kituo kimoja tulichofanya kazi, wanakisomo walitupa jogoo wa zawadi, amenunuliwa mnadani. Jogoo mzuri kweli. Jioni ile ile tukamfungua kamba, tukamwachia na kuku wetu. Siku ya tatu akaanza kukoroma na kuharisha kijani. Tukasema ni uchovu wa safari. Baada ya wiki mbili, katika kuku wetu kumi na saba walibaki wawili. Lakini kuku hawajui mpaka wa uwanja. Wa jirani yetu nao walikwisha. Jirani huyo alikuwa mama mjane, na kuku wale ndio waliokuwa daftari, sabuni na mafuta ya taa ya nyumba yake. Hakutulaumu. Alisema ni mapenzi ya Mungu. Sisi tulijua kuwa ugonjwa ule tuliuingiza kwa mikono yetu, tena sisi ndio tuliokuwa walimu.

Basi kuku mgeni, hata awe wa zawadi, akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine.

Sasa umemtenga. Mshike kwa upole, mchunguze. Tazama kinyesi chake ni cha rangi gani. Sikiliza anavyopumua. Tazama macho na upanga wa kichwani. Papasa gole lake. Funua manyoya ya chini ya mabawa na ya mkiani.

Ukikuta viroboto wameganda kichwani kama punje za ulezi, hilo halina shida kubwa. Wapake mafuta ya mgando, lakini yasiingie machoni. Hukosa hewa wakafa. Kisha fagia banda, choma takataka zote.

Ukikuta vipele vyenye magamba juu ya upanga na kandokando ya macho, hiyo ni ndui. Huenezwa na mbu. Haina dawa ya kuiua, lakini kuku wengi hupona baada ya wiki tatu au nne wakitunzwa. Osha vidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kuku wengi wa ndui hufa kwa njaa, maana macho yamefunga hawaoni chakula. Mlishe kwa mkono.

Vifaranga wakiharisha damu, kosa mara nyingi ni banda lenye unyevu. Vijidudu vya ugonjwa huo hukomaa katika kinyesi chenye majimaji. Toa matandiko yote, weka makavu, kisha mwone mtaalamu wa mifugo akupe dawa ya kuweka katika maji, kama vile amproliamu.

Lakini ukiona kuku anahema kwa shida mdomo wazi, anaharisha kijani, mabawa yameshuka, au shingo imepinda hata anatazama nyuma, ogopa. Hicho yawezekana ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kideri huua kuku wengi kwa siku chache, na huvuma zaidi wakati wa kiangazi. Dawa ya kukitibu haipo. Tunarudia: haipo. Pilipili, majivu, mshubiri, vidonge vya rangi mbili vya binadamu, vyote vimejaribiwa katika vijiji vyetu na kuku wamekufa. Vidonge vile huua bakteria. Kideri huletwa na virusi, na virusi havisikii vidonge hivyo. Fedha yako imekwenda bure. Kuku wengi wakifa kwa ghafla, mpelekee habari mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo, maana yapo magonjwa mengine yanayofanana na kideri, na mengine hushika hata watu.

Ugonjwa wo wote ule, usisahau maji. Kuku mzima hunywa kiasi cha robo lita kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Mgonjwa anaweza kukaa siku moja bila kula, lakini asikae bila kunywa. Kama hanywi, mdondoshee kwa kijiko, tone moja moja, pembeni mwa mdomo, umngoje ameze. Usimmiminie! Tundu la pumzi la kuku liko nyuma kidogo tu ya ulimi, na maji yakiingia humo yatamuua kabla ya ugonjwa. Chakula mpe laini: pumba iliyolowekwa, au uji mzito uliopoa. Na kama mtaalamu amempa dawa, muulize mayai yake yasiliwe kwa siku ngapi.

Sasa tufike penye ugumu. Kuku mmoja ameanza kuumwa, wengine kumi bado wanatembea. Ada au sare ya mtoto inadaiwa. Kichwani linakuja wazo: wapelekwe mnadani kesho kabla hawajafa. Tunajua wazo hilo, hatumcheki mtu. Lakini jogoo wetu yule alitoka wapi? Kuna mtu alimwona ameanza kuzubaa akamfunga kamba. Na ukimchinja mgonjwa, manyoya na utumbo ukiwatupia mbwa, umeusambaza ugonjwa kijiji kizima. Aliyekufa mzike katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, au mchome moto.

Kinga ya kideri ni chanjo, na kuku wachanjwe wangali wazima. Ile iitwayo I-2 hutengenezwa hapa hapa Tanzania, na huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa nayo lazima iwekwe mahali pa baridi, mbali na jua. Ni tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wachanje mwezi mmoja hivi kabla ya msimu wa kideri, kwa sababu mwili wa kuku unahitaji siku za kujenga kinga. Chupa moja huwa na matone mengi kuliko kuku wa nyumba moja, nayo ikishafunguliwa haiwekwi muda mrefu. Kwa hiyo majirani wachange, wachague siku moja, wachanje alfajiri kuku wakiwa bado bandani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Chupa moja ya chanjo ina matone 200. Mtaa wenu una nyumba 12, na kila nyumba ina kuku 15. Je, chupa moja itatosha? Yatabaki matone mangapi?

2. Mkichanja tarehe 1 Julai, mtarudia lini? Andikeni tarehe hiyo ukutani.

3. Jirani mmoja amekataa kuchangia chanjo. Kuku wake wanachangamana na wenu. Mtafanyaje?