Ni Nani Anayetumia Waifai Yako? Jinsi ya Kudhibiti Vifaa Vinavyoingia

Ikifika saa mbili usiku mitaani Umoja, Kayole, Donholm au Komarock, malalamiko huwa yale yale: intaneti imelipiwa, lakini video inazunguka tu na mtoto hawezi kufungua kazi aliyopewa na mwalimu. Lawama huenda kwa kampuni, na pengine ni haki yake. Hata hivyo, kabla ya kupiga simu ya kulalamika, hesabu kwanza simu zilizomo kwenye ruta yako.

Katika ghorofa zetu nyumba mbili hutenganishwa na ukuta mmoja, na mawimbi hayajui mlango wa nani ni upi. Ulimpa jirani nywila, naye akampa mgeni wake, na mgeni akapiga picha msimbo wa QR. Ikiwa unalipia megabiti 10 kwa sekunde na simu 12 zinavuta kwa pamoja, kila moja haipati hata megabiti moja. Isitoshe, akaunti iko kwa jina lako. Mtu akiitumia laini yako kutapeli watu, uchunguzi unaweza kuanzia mlangoni pako.

Kujua waliomo si kazi ya fundi. Pindua ruta usome karatasi iliyobandikwa chini yake. Utapata anwani kama 192.168.1.1 au 192.168.100.1, pamoja na jina na nywila ya msimamizi. Simu yako ikiwa kwenye waifai hiyo, andika anwani hiyo kwenye kivinjari, ingia, kisha utafute orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Baadhi ya kampuni zina programu ya simu inayoonyesha orodha hiyo hiyo. Usipotambua kifaa fulani, zima waifai kwenye simu, runinga na kompyuta zako, kimoja baada ya kingine, uone ni jina lipi linalotoweka. Linalobaki bila mwenyewe nyumbani ndilo la kuulizia.

Hapo wengi hukimbilia kumfungia mgeni huyo peke yake. Kila kifaa kina anwani ya MAC, yaani herufi na tarakimu 12 zilizopangwa mbili mbili, na ruta nyingi zina sehemu iitwayo "MAC Filter" ya kuikatalia anwani fulani. Tatizo ni kwamba simu za siku hizi, tangu Android 10 na iOS 14, hutumia anwani ya kubahatisha badala ya ile ya kiwandani, ili kulinda faragha ya mwenye simu. Akiifuta waifai yako kwenye simu na kujiunga upya, au akibadilisha mipangilio, huenda akaja na anwani mpya na orodha yako isimtambue. Ni kama kumzuia mtu langoni kwa rangi ya shati lake.

Kwa hivyo anza na nywila. Ukibadilisha nywila ya waifai, vifaa vyote hutolewa, na utawarudisha unaowataka tu. Tumia maneno kadhaa yasiyohusiana, si nambari ya simu wala jina la mtoto. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na uzime WPS, ile njia ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kwa nambari fupi. Kisha ubadilishe nywila ya msimamizi pia. Hatua hii husahauliwa sana, ilhali mtu aliyemo kwenye waifai yako akijua nywila ya kiwandani anaweza kuufungua ukurasa ule ule na kutengua kila ulichofanya.

Ukitaka udhibiti zaidi, tumia orodha ya ruhusa: wanaingia walioandikwa tu. Kwanza, kwenye kila simu ya nyumbani, fungua mipangilio ya waifai hiyo uchague anwani halisi ya kifaa. Andika anwani ya simu yako kabla ya nyingine zote, la sivyo utajifungia nje. Likitokea hilo, unganisha kompyuta kwa kebo. Usikimbilie kile kitufe kidogo cha kuanzisha ruta upya, kwani kinaweza kufuta mipangilio ya kampuni ukabaki bila intaneti hadi fundi aje. Ujue pia kwamba mjuzi anaweza kuinasa anwani iliyoruhusiwa hewani na kuiiga. Orodha ni komeo la ziada, kufuli ni nywila.

Wageni je? Ruta nyingi zina mtandao wa wageni wenye jina na nywila yake. Wape huo, ubadilishe nywila yake wanapoondoka, na vifaa vya nyumbani havitaguswa. Majirani wanaochanga bili wasome kwanza mkataba wa kampuni, kwa kuwa baadhi hukataza.

Kuvunja ulinzi ili kuingia bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ukishuku laini yako imetumika kwa uhalifu, piga picha orodha ya vifaa ikionyesha tarehe na saa kabla ya kubadilisha nywila, kisha upige ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu na uijulishe kampuni inayokuuzia intaneti.