Injini Inayopumzika

Mtazame mvuvi wa Wete anaporudi pwani kwa mtumbwi wake. Hupiga kafi mara mbili tatu, kisha huliinua na kuuacha mtumbwi uteleze. Mwendo ukipungua, hupiga kafi tena. Hivyo hufika bila kupoteza nguvu zake bure. Iko injini ifanyayo kazi vivyo hivyo.

Mipigo minne

Mwaka 1876 Nikolaus Otto wa Ujerumani alitengeneza injini ya mipigo minne. Katika injini ya petroli ya namna hii, pistoni huvuta hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli ndani ya silinda. Kisha huugandamiza mchanganyiko huo. Cheche huuwasha, nao huilipukia pistoni na kuisukuma kwa nguvu. Mwisho pistoni hutoa moshi nje.

Jinsi injini inavyopumzika

Injini inayopumzika ina magurudumu mazito. Yakishapata mwendo, huendelea kuzunguka kwa muda hata bila mlipuko. Ndani yake mna pia vizito vidogo vinavyozunguka. Mwendo ukizidi, vizito hutanuka na kusukuma wenzo. Wenzo huizuia vali ya kutolea moshi isifunge. Pistoni sasa huvuta hewa kupitia vali hiyo, wala haivuti petroli. Mwendo ukipungua, vizito hurudi, vali hufunga, na mlipuko hutokea tena. Kazi ikiwa nyepesi, milipuko huwa michache. Kazi ikiwa nzito, milipuko huwa mingi.

Zamani wakulima wa Marekani na Ulaya walizitumia injini hizi kupampu maji, kusaga nafaka na kupasua mbao. Siku hizi mafundi wengine hutengeneza mifano midogo inayotosha juu ya meza. Mfano kama huo hufaa kufundishia, na waweza kuzungusha jenereta ndogo ya kuwasha taa.

Jaribio

Vifaa: baiskeli, kitambaa na saa. Fanyeni jaribio hili pamoja na mwalimu.

1. Pindueni baiskeli, isimame juu ya kiti na usukani wake.
2. Zungusheni gurudumu la mbele kwa kulipiga tairi kwa kiganja. Likipunguza mwendo, lipigeni tena. Hesabuni mapigo ya dakika moja.
3. Rudieni, huku mwenzenu mmoja akigusisha kitambaa kwenye tairi taratibu. Hesabuni tena.

Angalieni: msiingize vidole kwenye spoki.

Mara ya pili mapigo yalizidi, kwa sababu kitambaa kililiongezea gurudumu kazi.

Faida kwetu

Zamani umeme wa Pemba ulizalishwa kwa majenereta ya dizeli. Mwaka 2010 ulianza kuletwa kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Hata hivyo petroli na dizeli za injini zetu bado huletwa kwa vyombo vya baharini. Injini iachwayo ikinguruma bila kazi huchoma mafuta yaliyovuka bahari, wala haitupi kitu ila moshi. Injini njema hutumia mafuta kwa kadiri ya kazi yake. Mtu mwangalifu huizima kazi ikiisha.

Maswali

1. Magurudumu ya injini hii yana faida gani kuwa mazito?
2. Ni nini huizuia vali isifunge?
3. Taja injini moja kijijini kwenu. Je, huzimwa wakati haina kazi?