Kabla ya Kubishana, Soma Jedwali Lote

Ligi Kuu ya NBC inapoelekea ukingoni, ubishi katika vibanda umiza vya Nyalikungu, Maswa, huwa mkali kuliko mechi zenyewe. Simiyu haina timu Ligi Kuu, kwa hiyo watu wamegawana Simba na Yanga, na wengine wameamua Pamba Jiji ya Mwanza ndiyo ya nyumbani. Sehemu kubwa ya ubishi huo ingekwisha mapema kama watu wangesoma msimamo wote, si safu ya pointi peke yake.

Msingi wenyewe ni mwepesi. Timu ni 16, kila moja inakutana na nyingine nyumbani na ugenini, jumla mechi 30. Ukishinda unapata pointi tatu, ukitoka sare moja, ukifungwa huna kitu.

Cha kutazama kwanza ni idadi ya mechi zilizochezwa, maana viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, ndivyo vinavyopotosha jedwali. Msimu wa 2024/25, mechi ya watani iliyopangwa Machi 8 iliahirishwa hadi Juni 25, 2025. Yanga waliingia Uwanja wa Benjamin Mkapa wakiwa na pointi 79, Simba 78, na hakuna mwenye mechi nyingine baada ya hapo. Sare iliwatosha Yanga. Simba walilazimika kushinda. Yanga walishinda 2-0, wakamaliza na 82.

Hesabu hiyo mtu yeyote anaiweza. Chukua mechi ambazo timu yako imebakiza, zidisha kwa tatu, jumlisha na pointi ilizonazo. Hapo ndipo mwisho wake. Kama aliye juu ameshavuka namba hiyo, hata uwe na viporo vitano, ubingwa umekupita.

Pointi zikilingana, kinachoangaliwa ni tofauti ya mabao: ya kufunga, toa ya kufungwa. Msimu wa 2023/24 Azam na Simba walimaliza na pointi 69 kila mmoja. Simba walikuwa wametoka sare ya 1-1 na Azam pale CCM Kirumba, kisha wakawafunga 3-0 katika mechi ya pili. Kama kigezo kingekuwa matokeo ya wawili hao, Simba wangekuwa wa pili. Lakini Azam walikuwa na tofauti kubwa zaidi ya mabao, wakachukua nafasi hiyo na kwenda Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba wakaenda Kombe la Shirikisho. Mimi naona ni haki: bao la tano dhidi ya timu dhaifu, ambalo mashabiki hulishangilia kwa uvivu, lina thamani yake Mei. Ajabu ni kwamba Azam walitolewa mapema na APR ya Rwanda, na Simba wakafika fainali ya Shirikisho.

Chini ya jedwali ndiko kwenye mambo. Kwa utaratibu wa misimu ya karibuni, wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja, na timu mbili za juu za Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, zinapanda. Wa 13 na wa 14 wanacheza wao kwa wao, nyumbani na ugenini, mshindi anabaki. Aliyeshindwa hajashuka bado. Anakutana na mshindi kati ya wa tatu na wa nne wa Championship, na hiyo ndiyo mechi ya kufa na kupona. Mwaka 2023 Mashujaa ya Kigoma waliitumia njia hiyo kuishusha Mbeya City. Mwaka uliofuata Tabora United walifungwa 1-0 na Biashara United kule Mara, wakapindua kwa 2-0 nyumbani na kubaki. Mwaka 2025 majirani zetu Stand United ya Shinyanga walifika hatua hiyo, wakakwama kwa Fountain Gate.

Kwetu mchujo huo huamua anayebaki; kwingineko ndio unaotoa bingwa. Katika NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, timu 32 zinacheza msimu wa kawaida, kisha 16 zinaingia kwenye mtoano, na anayesonga ni wa kwanza kushinda mechi nne. Ushindi ni pointi mbili, na anayefungwa katika muda wa nyongeza au kwa penalti anaambulia moja. Anayeongoza msimamo anapewa kombe lake dogo, lakini bingwa ni atakayebeba Stanley Cup, hata kama aliingia wa kumi na sita.

Kwa timu ya Maswa inayoota Ligi Kuu, njia huanzia wilayani. Inatakiwa kutwaa ubingwa wa mkoa, kufanya vizuri Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kupita First League, halafu Championship. Huko juu, kumaliza wa tatu au wa nne bado kunaacha mlango wazi.