Shuka kabla ya steji yako

Mdogo wangu wa Kibarani, barua yako nimeisoma mara mbili. Umeona picha za vituo vya treni ya chini ya ardhi vya Stockholm, roho ikakuuma, maana kwenu, wasema, watu wanakumbuka jaa la taka tu.

Hao wa Stockholm walianza kutia sanaa vituoni mwaka 1957, na leo vituo zaidi ya 90 katika 100 vina kazi za wasanii. Mimi nakipenda T-Centralen, ambapo mwaka 1975 Per Olof Ultvedt alichora majani ya buluu juu ya mwamba, kisha akachora na vivuli vya mafundi waliokuwa wakikijenga kituo. Mafundi ndio waliowekwa ukutani, si wakubwa. Lishike hilo, maana Mombasa pia utawakuta.

Jumamosi amka mapema. Matatu ikivuka Makupa, acha simu utazame maji. Tuta la zamani liliyaziba miaka na miaka, hadi daraja jipya lilipofunguliwa 2022 yakapata njia. Ukifika Mwembe Tayari, mwambie makanga akushushe, uende kwa miguu. Pita stesheni ya zamani ya reli, kisha Mapembe ya ndovu ya Moi Avenue, halafu fuata Nkrumah Road moja kwa moja hadi Fort Jesus.

Humo ndani usikimbilie mizinga. Tafuta michoro ya ukutani ya Wareno: meli, samaki, watu, kwa makaa na udongo mwekundu. Ni mikono ya watu waliokuwa mbali na kwao, wakiingoja zamu iishe. Mimi nilisimama hapo hadi miguu ikafa ganzi.

Ukitoka, ingia Ndia Kuu. Ndia ni njia kwa Kimvita, nawe jina hilo walijua. Na usidhani reli za mjini ni za Stockholm tu: mwanzoni mwa karne ya 20 Mombasa ilikuwa na zake: abiria wakikaa kwenye vigari vyenye paa, wanaume wakivisukuma kwa mikono hadi Kilindini. Basi kila mlango wa kuchonga utakaouona hapo ufanye kituo chako. Chagua mmoja tu, usihesabu kumi. Anza na miimo, ufuate mnyororo uliochongwa kutoka chini hadi juu, pete ndani ya pete. Uangalie pale fundi alipofika pembeni: aliukata au aliupinda? Kisha tazama mfaa, ule mti wa katikati ya mbao mbili. Juu, kwenye kizingiti, baadhi ya milango ina maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria.

Lakini kumbuka, mdogo wangu, hiyo ni milango ya watu. Wazee wakiwa barazani, salamu kwanza: shikamoo, halafu uombe ruhusa ya kupiga picha. Wakikataa, shukuru upite. Wakati wa swala usisimame mbele ya msikiti na kamera. Jifunge leso au valia nguo ya heshima, na uende na mwenzio; simu usiitembeze mkononi. Na ukikaribishwa kahawa, kaa. Mzee mmoja alinionyesha mlango alioukuta utotoni, akaniambia kila ua lilikuwa na jina nyumbani kwao. Kwenye picha hukuti hayo.

Jioni ukirudi Kibarani, chora ule mnyororo kwa kalamu, hata kama umepinda. Uniletee, na uniambie ni mlango upi uliokukawiza.