MASHINI YA LAZERI AO MASHINI YA WINO?



Sisi mafinalisti tuko tunatayarisha dosie za kuingia ku universite. Tunapita ku sekretaria za barabarani, tunalipa, tunabeba karatasi. Lakini imechapwa na mashini gani? Wengi hawaulizaka.

Mashini ya wino inarusha matone madogo sana ya wino wa maji kupitia vitobo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Lazeri haina wino wa maji. Iko na unga wa plastiki, jina lake tona. Mwangaza wa lazeri unachora maneno juu ya ngoma yenye umeme, unga unashika pale, unapita ku karatasi, kisha moto wa digrii karibu 200 unauyeyusha.

Njo maana karatasi ya lazeri inatoka na joto. Ya wino inatoka baridi, pengine na unyevu kidogo. Tena lowesha kidole, pangusa neno moja pembeni: wino, zaidi ule wa rangi, mara nyingi unachafuka, tona inabaki. Fikirini dosie mu mvua ya mwezi wa kwanza, kutoka Katuba mpaka mjini!

Jina lisiwadanganye. LaserJet ya HP, iliyotoka 1984, ni lazeri, hata kama iko na neno Jet. DeskJet ya HP, ya 1988, ni ya wino. Pixma ya Canon pia ni wino.

Ku duka, mashini ya wino njo ya bei ya chini, na mutu anafurahi. Ila kartushi yake ndogo inachapa karatasi 100 ao 200 hivi, lakini tona ya lazeri ndogo inaweza kupita 1000. Tena mashini ikilala wiki nyingi, wino unakauka mu vitobo. Unga haukauki. Ziko pia za wino wa chupa, kama EcoTank ya Epson, zinachapa maelfu. Hata hizo hazipendi kulala.

Kasoro ya lazeri, na kwetu hapa ni kubwa, ni umeme. Ikipasha moto inakula wati mamia, mara zingine karibu 1000. Ya wino inakula paka 10 ao 20 hivi. Umeme ukikatika na muko na betri ndogo ya jua, lazeri haitafanya kazi.

Kwa gazeti letu hili, maandishi meusi na kurasa nyingi, tunaona tununue lazeri ndogo, na tuchape siku umeme uko. Makapita walete mawazo ya darasa zao mbele ya Ijumaa.