KIUNGO KIKIVIMBA NA HOMA IKAPANDA, USINGOJE KESHO



Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka 4 anaanguka akicheza karibu na bomba la maji siku ya Jumatatu. Jumatano anaamka na homa. Goti limevimba, lina joto, naye hataki kukanyaga chini. Mama anasema ni kule kuanguka. Bibi anachemsha maji ya kumkanda. Jirani anasema ni malaria. Ijumaa ndipo anabebwa kwenda zahanati. Siku hizo mbili zinaweza kumfanya achechemee maisha yake yote.

Ugonjwa huu ni nini?

Ni maambukizi ya bakteria ndani ya kiungo, yaani pale mifupa inapokutana: goti, nyonga, kifundo cha mguu, kiwiko au bega. Mara nyingi bakteria hufika huko kwa njia ya damu, wakitokea kwenye jipu, kidonda au ugonjwa mwingine. Wakati mwingine huingia kupitia jeraha la mwiba, jembe au panga. Kiungo hujaa usaha, na usaha huo hula gegedu, ile sehemu laini nyeupe unayoiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Gegedu likiharibika halirudi kama zamani. Uharibifu huo huanza katika siku chache tu.

Nani yuko hatarini zaidi?

Watoto wadogo, wazee, na watu wenye kisukari, virusi vya UKIMWI au selimundu, ambayo wengine huiita SS.

Dalili ni zipi?

- Kiungo kimoja kuvimba, kuwa na joto na kuuma sana.
- Homa.
- Mtoto kukataa kutembea, au kulia ukimgusa mguu.
- Kichanga kutochezesha mkono au mguu mmoja na kutonyonya vizuri, hata kama hana homa.

Kumbuka kwamba nyonga iko ndani sana, kwa hiyo uvimbe wake huenda usiuone.

Je, si malaria?

Malaria huleta homa na maumivu ya mwili, lakini haivimbishi goti moja. Tena mtoto anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. Hata kipimo kikionyesha malaria, mwonyeshe daktari au muuguzi kiungo kilichovimba.

Hutibiwaje?

Daktari huvuta maji ya kiungo kwa sindano ili yapimwe. Usaha lazima utolewe, kwa sindano au kwa upasuaji wa kukisafisha kiungo. Dawa peke yake mara nyingi haitoshi, ndiyo maana unaweza kupewa rufaa ya kwenda hospitali kubwa. Usiikatae. Antibiotiki hutolewa kwanza kwa sindano ya mshipani, kisha vidonge, kwa muda wa wiki kadhaa. Maumivu huisha kabla bakteria hawajaisha, kwa hiyo maliza dozi yote. Baadaye mgonjwa hufanya mazoezi ili kiungo kisikakamae.

Mambo ya kuepuka

- Usichue wala kukanda kiungo hicho kwa maji ya moto.
- Usichanje chale wala kupasua uvimbe kwa wembe.
- Usinunue vidonge vichache vya antibiotiki sokoni. Homa inaweza kushuka huku usaha ukiendelea kula kiungo.

Na uvimbe wa polepole?

Kiungo kinachovimba taratibu kwa wiki au miezi huenda kina kifua kikuu, kwani ugonjwa huo hushika pia viungo na uti wa mgongo. Nao hutibika. Nenda ukapimwe.

KUMBUKA: Kiungo kimoja kimevimba, kuna homa, na mgonjwa hawezi kukanyaga? Nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kama huna wa kukusaidia kumbeba, mwite mhudumu wa afya wa eneo lako. Mweleze na jirani yako aliyeshindwa kusoma karatasi hii.