KWA NINI MWILI HUPATA JOTO TUNAPOLIMA?



Msimu uliopita kijana mmoja wa kijiji cha jirani alianguka shambani. Ilikuwa saa saba mchana. Kijana huyo alikuwa mzima wa afya. Tangu asubuhi alikuwa akishindana na wenzake kupiga matuta. Mama yake alimwambia, "Pumzika kidogo, mwanangu. Unywe maji." Akajibu, "Bado, mama. Nimalize matuta haya mawili."

Hakuyamaliza. Alianza kusema maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka. Wengine wakasema kalewa. Wengine wakasema kapandwa na pepo. Bahati njema, mama mmoja aliwaamuru wamvute kivulini na kummwagia maji mwili mzima. Wakamkimbiza zahanati, akapona.

Kijana yule hakulewa, wala hakuwa na pepo. Alizidiwa na joto. Tena joto hilo halikutoka kwenye jua peke yake. Jingi lilitoka ndani ya mwili wake mwenyewe. Leo tutajifunza joto hilo linatoka wapi, na tufanye nini lisituue.

Mwili na mashine ya kusaga

Misuli ni zile nyama zinazovuta mifupa yetu. Shika mkono wako juu ya kiwiko, kisha ukunje. Utaona nyama inajikusanya na kuwa ngumu. Huo ni msuli unafanya kazi.

Sasa tufikiri juu ya mashine ya kusaga unga. Tunaitia dizeli ili ifanye kazi. Lakini ukiikaribia unahisi joto kali. Maana yake ni kwamba dizeli yote haikwenda kwenye kusaga. Sehemu kubwa imegeuka kuwa joto. Ndiyo maana mashine nyingi zimewekewa pipa la maji pembeni ili kuzipoza. Maji yakiisha, fundi huzima mashine mara moja. Akichelewa, itaharibika.

Misuli nayo ni hivyo hivyo. Dizeli yake ni chakula: ugali, viazi, maharage, mafuta. Tuseme nguvu ambayo misuli inatumia unapolima ni madebe manne. Debe moja tu ndilo linaloinua jembe na kupasua udongo. Mara nyingi hata debe hilo halijai. Madebe matatu yaliyobaki hutoka yakiwa joto. Hili si kosa la mtu. Misuli ya kila mtu ndivyo ilivyo, awe hodari au mnyonge.

Jaribu mwenyewe

Chukua ndoo yenye maji kidogo. Nyoosha mkono mbele, uishike bila kuisogeza. Baada ya muda mfupi mkono utauma na utatetemeka. Ajabu, ndoo haikwenda popote! Msumari ukutani unashika ndoo kutwa nzima bila kula kitu. Lakini msuli hauko kama msumari. Ili ushike tu, lazima uvute na kuvuta tena bila kukoma, na kila mvuto unakula nguvu na kutoa joto.

Kutetemeka kwa baridi nako ni hivyo. Hapo misuli haibebi kitu, inatafuta joto tu. Hata mgonjwa wa malaria akitetemeka, misuli yake inaupandisha mwili joto, ingawa yeye anasema anasikia baridi.

Misuli hukopa

Zamani kidogo huko Uingereza alikuwako mtaalamu aliyeitwa Archibald Hill. Alipima joto la msuli wa chura kwa chombo kinachoweza kuona badiliko la hata sehemu moja ya elfu ya digrii. Aligundua jambo kubwa. Msuli hutoa joto unapovuta, lakini hauishii hapo. Ukishaacha kuvuta, huendelea kutoa joto kwa muda. Alipouwekea msuli mahali pasipo na oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa tunayoihitaji kwa kupumua, msuli uliweza kuvuta, lakini lile joto la baadaye halikutoka. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, pamoja na Otto Meyerhof wa Ujerumani.

Jambo hilo linatuhusu nini sisi wakulima? Linatuonyesha kwamba misuli hukopa. Ukilima kwa nguvu, misuli hutumia akiba yake haraka. Ukisimama, unaendelea kuhema, kwa sababu mwili unalipa deni na kujaza akiba upya. Basi mtu anayepumzika baada ya kazi nzito si mvivu. Mwili wake bado uko kazini.

Mwili hujipozaje?

Mwili wenye afya una joto la kiasi cha digrii 37. Misuli ikipata moto, damu hulichukua joto na kulipeleka kwenye ngozi. Hapo jasho hutoka. Jasho linapokauka juu ya ngozi, linaondoka na joto. Jasho linalodondoka chini halipozi sana. Ndiyo maana siku ya mvuke mwingi, kama kule pwani, tunalowa jasho na bado tunaungua.

Mtu anayefanya kazi nzito juani anaweza kutoa jasho lita moja au zaidi kwa saa moja. Asipokunywa maji, pipa lake linakauka. Joto la mwili likifika digrii 40 na kupita, ubongo unaweza kuanza kuharibika. Hapo mtu anaweza kufa.

Tufanye nini?

1. Tuanze kazi nzito alfajiri. Jua likipanda, tufanye kazi nyepesi au tukae kivulini.
2. Tunywe maji safi kidogo kidogo, mara nyingi. Tusingoje kiu.
3. Tule kabla ya kwenda shambani. Chakula chenye chumvi ya kawaida hurudisha chumvi iliyotoka na jasho.
4. Tuvae kofia na nguo nyepesi zinazopitisha hewa.
5. Mtu asiyezoea joto aanze na kazi kidogo. Mwili huhitaji wiki moja au mbili kuzoea.
6. Wajawazito, wazee na wagonjwa wasilazimishwe kushindana na vijana.

Kichwa kikiuma, ukiona kizunguzungu, kichefuchefu au misuli ikikaza, acha kazi hapo hapo. Nenda kivulini unywe maji. Usiseme, "Nimalize kwanza."

Mtu akianza kusema ovyo, akizirai au akipata degedege, hiyo ni hatari kubwa. Mpelekeni kivulini. Mvueni nguo nzito. Mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea. Mpelekeni kituo cha afya upesi, huku mkiendelea kumpoza njiani. Aliyezirai asinyweshwe kitu, maana maji yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Jembe lina thamani, na tuta lina thamani. Lakini tuta lisilokwisha leo litakuwapo kesho. Tuhakikishe na mkulima atakuwapo.

Maswali ya kuzungumza na wenzako

1. Kwa nini mashine ya kusaga huwekewa pipa la maji? Pipa la mwili wetu ni nini?
2. Kwa nini mkono huchoka hata kama ndoo haisogei?
3. Kwa nini tunaendelea kuhema baada ya kuacha kulima?
4. Mwenzako akianza kusema ovyo shambani mchana wa jua, utafanya nini kwanza?
5. Katika kijiji chenu, nani hupeleka maji shambani? Je, yanawatosha wote?